Vitasa vya Upande wa Abiria

Mke wangu aliuza vitasa vya milango ya magari. Vya nje, vile unavyovuta kwa vidole mlango ufunguke. Vya ndani alikuwa navyo pia, na mikono ya kuzungushia vioo, na debe la funguo zisizo na magari. Lakini vya nje ndivyo vilivyotulisha. Gari likigongwa, likiungua, likifia uani kwa mtu, wakata vyuma chakavu walimletea vitasa kabla hawajagusa injini.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, katikati ya mchaji betri na mpiga rangi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, naziba pancha. Maisha yetu yote tulishinda tunaonana, yeye kule na mimi huku, tukipigiana kelele juu ya malori.

Watu walimwita Mama Vitasa. Mtoto hatukujaliwa. Jina aliliitikia.

Sitasema alikuwa mpole. Mtu akifa hupewa sifa ambazo hakuwahi kuwa nazo, na mke wangu angenicheka. Alikuwa na ulimi wa wembe. Mteja akija na habari za kitasa kilichokatika, hakuuliza gari gani. Aliuliza kwanza nani kakikata.

“Mke wangu, mama.”

“Akiingia au akitoka?”

“Akitoka.”

“Basi kitasa hakina kosa. Nikuuzie kufuli?”

Mtaa ulicheka, mteja naye akacheka, akalipa, akaondoka na kidonda chake. Wengine walinuna, wakaapa hawarudi. “Wataenda wapi?” alisema. Na kweli, walirudi.

Kazi ile aliipata kwa baba yake. Baba mkwe wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja. Tajiri alipohama alimwachia gari, ndiyo ikawa shukrani yake. Gari lenyewe la anasa: milango miwili tu, pua ndefu, mgongo umeteremka, liko chini hata ukikaa ndani unaona matumbo ya malori. Jekundu. Kiti cha nyuma kisingemtosha paka. Mtaani waliliita Kupe, ndivyo yanavyoitwa magari ya sampuli ile. Wengine walidhani ni kwa sababu linanyonya petroli.

Mzee hakuwa na uwezo wa kulipeleka gereji. Alilitengeneza mwenyewe, na binti yake alikuwa mwembamba, anapenya chini bila jeki. Akakulia humo. Kaka yake hakupenda kushika mafuta. Alikaa kizingitini akila. Hayo niliambiwa, sikuyaona, lakini nilipomjua huyo kaka alikuwa bado anakula, na alishafungua bucha.

Gari la milango miwili lina mlango mrefu, mzito kupita wa gari la kawaida. Kitasa chake ni cha chuma cha kumimina, kimepakwa kromu. Kizuri kwa macho. Ila shingo ni nyembamba. Ukivuta kwa adabu kitakuzika. Ukivuta kwa pupa, siku moja utabaki nacho mkononi.

“Huyu hatakufa kwa injini,” mzee alimwambia binti yake. “Atakufa kwa vitasa.”

Mzee alipoanza kuchoka alisema mbele ya watu, na mimi nikiwepo, kwamba gari ni la binti yake. “Ndiye aliyelala chini yake,” alisema.

Shemeji yangu, yaani yule kaka, alicheka mpaka akakohoa. “Mwanamke na gari la milango miwili, wapi na wapi? Baba umeanza kuchanganya.”

Tulidhani ni utani.

Kisha miguu ya mzee ikakataa. Shemeji akaja na gari lake la kubebea nyama. Alisema nyumba yake ina nafasi, ina wanawake wa kumhudumia, na sisi chumba chetu ni kimoja. Ilikuwa kweli. Akalifunga Kupe kwa kamba nyuma ya gari la nyama, na mzee mwenyewe akaomba ashike usukani. Tukambeba, tukamweka. Aliondoka akivutwa, mkono mmoja nje ya dirisha, anatupungia kama mtu anayekwenda matembezi. Mke wangu alikimbia pembeni ya gari mpaka barabara kubwa, anamkumbusha kukanyaga breki taratibu.

Huo ndio ulikuwa mwisho wa kumwona.

Alipokwenda kumjulia hali, wifi yake alimpokea getini. Geti nusu wazi, mwili wa wifi umeziba nusu iliyobaki.

“Mzee amelala, wifi.”

Akarudi siku nyingine, mchana.

“Amelala.”

“Mzee gani analala hivi?”

“Mzee mgonjwa.”

Akapeleka uji kwenye chupa. Chupa ikapokelewa, geti likafungwa. Kesho yake chupa ikarudi imeoshwa. Mke wangu aliinusa. Alisema imeoshwa kwa sabuni kabla uji haujapoa. Sijui alijuaje.

Shemeji hakuwa na ugomvi na dada yake. Aliogopa kitu kimoja tu, mzee asije akayarudia yale maneno ya gari mbele ya mashahidi wengine, akiwa kitandani, maana maneno ya kitandani watu huyashika.

Msiba wa baba yake aliusikia kwa mteja. Mtu alikuja kutafuta kitasa cha gari la mkate, akatoa mkono: “Pole sana, Mama Vitasa.”

“Pole ya nini?”

Yule mtu akamtazama, akageuka kunitazama mimi ng'ambo, kama naweza kumwokoa. Mke wangu akamaliza kumfungia kitasa chake kwenye gazeti. Akampa. Ndipo akakaa chini.

Makaburini shemeji alifika na Kupe, limeoshwa, linang'aa. Watu wakatawanyika. Mke wangu akamfuata mpaka mlangoni mwa gari.

“Kaka, neno moja tu. Baba aliniulizia?”

“Sasa hivi ndiyo wakati wa mambo hayo?”

“Aliniulizia au hakuniulizia?”

Akavuta kitasa kwa nguvu, akaingia, akaondoka. Mke wangu alinishika mkono. “Umeona anavyovuta?” alisema.

Alimpa nafasi nyingine. Alikwenda buchani. Palikuwa na foleni. Akapanga, zamu yake ikafika. Kaka yake ana panga mkononi, aproni ina damu.

“Kaka, baba aliniulizia?”

“Unanunua au unauliza?”

“Nipe nusu.”

Akamkatia, akampimia, mfupa mwingi. Mke wangu akapokea.

“Haya, nimenunua. Aliniulizia?”

Shemeji akaangalia juu ya kichwa chake, akaita foleni: “Mwingine!”

Ile nyama alimpa mbwa wa mpiga rangi. Na tangu siku hiyo hakukanyaga kule. Akaanza kununua vitasa vya Kupe.

Magari yale hayakuwa mengi, lakini yalikuwepo. Kila lililokufa, alitaka kujua liko wapi. Wakata vyuma wakimletea, alilipa bila kubishana, yeye aliyekuwa anabishania hata skrubu. Akasikia kuna moja limeungua mbali, akapanda basi akaenda na bisibisi yake, akarudi na masizi mpaka kwenye nyusi. Muuza spea mwenzake akiwa na kimoja, alimbadilishia na vya magari mengine vitatu. Vyote vikaingia kwenye sanduku la mbao chini ya meza. Hauzi hata kimoja.

“Mzee,” nilikuwa namuuliza, maana sisi tuliitana mzee tangu vijana, “unavikusanyia nini hivi?”

“Vyake vitakatika.”

“Vikikatika?”

“Atavitafuta.”

Akasema hivyo akiwa anakunywa chai, sauti ya kawaida, kama anaongelea mvua.

Ilichukua miaka. Mimi nilishasahau. Siku moja Kupe likapita mtaani kwetu, shemeji anaendesha mkono mmoja nje. Nikadhani maringo. Mke wangu akasimama mlangoni mwa kibanda. “Cha dereva kimekatika,” akaniambia. “Anafungulia kwa ndani. Ona kioo hakijapanda mpaka juu.” Baadaye cha abiria nacho kikafuata. Mvua ikanyesha, viti vikaloa, gari likaanza kunuka kama zizi. Shemeji akafungiwa kitasa cha kabati. Cha kabati la nguo, cha mviringo, kinang'aa. Watoto wa mtaa wakawa wanamuuliza kama amehifadhi mashuka.

Akatuma fundi wake.

“Mama, naulizia vitasa vya Kupe. Viwili.”

“Vya gari la nani?”

“La jamaa mmoja.”

“Jamaa ana miguu?”

“Anayo.”

“Aje nayo.”

Akatuma wa pili, wa tatu. Akamtuma hata mkewe, wifi yule wa getini. Mke wangu alimtazama akishuka barabarani, akajilaza juu ya meza, kichwa kwenye mikono. Wifi akafika, akaita. Mchaji betri ndiye aliyemjibu, alishafundishwa: “Amelala.”

Mwisho akaja mwenyewe. Alikuwa ameshanenepa hasa. Akasimama kwenye jua, kwa sababu chini ya bati hapakuwa na nafasi yake.

“Habari za siku nyingi, dada.”

“Nzuri, kaka. Karibu.”

Nilikuwa na tairi mkononi. Nikaliacha. Nilitegemea matusi, na yeye nadhani alitegemea. Lakini mke wangu alikuwa laini kama mafuta ya nazi. Akamuulizia watoto. Akamuulizia sukari yake kwenye damu. Akainama, akatoa vitasa viwili vinavyong'aa, akavifuta, akavifunga kimoja kimoja kwenye gazeti, akapokea bei ya kawaida.

“Mimi nilidhani una kinyongo,” shemeji akasema.

“Kinyongo cha nini, kaka? Damu ni damu.”

Akaondoka akipiga mluzi. Nikavuka barabara.

“Umemsamehe?”

Akanitazama kama ninavyotazamwa nikiziba tundu lisilovuja. “Vyote viwili ni vya upande wa abiria,” alisema.

Lazima nieleze. Vitasa vile ni kama viatu. Cha dereva na cha abiria vinafanana mtu akivitazama mbio, lakini kimoja kimegeukia huku na kingine kule. Cha abiria hakikai kwenye mlango wa dereva hata ukikibembeleza. Fundi wa shemeji alifunga cha kwanza upande wa abiria, kikakaa vizuri. Cha pili akakilazimisha kwa dereva. Akapiga nyundo. Akapinda fimbo za ndani ya mlango, akang'oa hata kibano cha kufungulia kwa ndani. Mlango wa dereva ukafa kabisa, haufunguki ndani wala nje.

Wakaenda kwa mmimina sufuria, yule anayeyeyusha vyuma na kuvitia kwenye mchanga. Wakampa kitasa, wakamwambia fanya kama hiki. Akakibana kwenye mchanga, akamimina, akawapa kama kile. Shemeji akawa na kitasa cha tatu cha upande wa abiria.

Alirudi kwa mke wangu amefura.

“Umenipa vya upande mmoja!”

“Uliomba viwili. Nimekupa vingapi?”

“Nipe cha dereva.”

“Ninacho. Ninavyo vingi, vyote vilivyobaki mjini humu ninavyo mimi. Hata pesa yako sitaki.” Akaweka kimoja juu ya meza, mkono wake juu. “Baba aliniulizia?”

Shemeji akakitazama kile kitasa. Akatazama watu, maana mpiga rangi alishazima mashine yake ili asikie vizuri. Akasema, “Umeshindwa kuzaa watu, unazaa vyuma. Kaa navyo.”

Nilivuka barabara na chuma cha kutolea tairi mkononi. Mke wangu akanizuia kwa kiganja.

“Mwache,” alisema. “Ana safari ndefu mpaka kwenye kiti chake.”

Ilikuwa kweli. Kuanzia siku hiyo, kuingia kwenye gari lake, shemeji alifungua mlango wa abiria, akapiga magoti kwenye kiti, akatambaa juu ya gia, tumbo linaburuta, makalio nje barabarani, mpaka akafika kwenye usukani. Kutoka hivyohivyo, kinyumenyume. Na njia ya kwenda buchani ilipita kwetu, na hapo kwetu kulikuwa na tuta, na mbele ya tuta kituo cha mafuta alikokuwa akijaza.

“Abiria huyo!” watu walipiga kelele. “Konda yuko wapi? Kalipa nauli?”

Jina likamganda. Hata buchani kwake wateja walisema nakwenda kwa Abiria.

Angeweza kuliegesha. Alikuwa na gari la nyama, lenye milango inayofunguka. Lakini lile gari ndilo lilikuwa shahidi wake kwamba mzee alimpenda yeye. Akiliegesha, mtaa ungesema dada kashinda. Basi akatambaa. Akatambaa kiangazi, akatambaa masika. Mke wangu akahamisha kigoda chake kikae kinatazama kituo cha mafuta. Saa ya shemeji kupita hakuuza kitu, mteja asubiri.

“Mzee, mpe,” nilimwambia. “Inatosha.”

“Aseme neno moja.”

“Akisema hakukuulizia?”

“Basi nitajua. Sasa hivi sijui, na sijui ndiyo inayonila. Nenda kazibe pancha.”

Siku ya siku ilikuwa ya joto. Shemeji alisimama kituoni kujaza mafuta. Mke wangu akamwita dereva wa lori la mchanga, mteja wake, akamnong'oneza. Dereva akacheka, akapanda, akalisogeza lori lake taratibu mpaka ubavuni mwa Kupe, upande wa abiria. Karibu kabisa. Hata karatasi isingepita. Akazima, akashuka, akapotea.

Shemeji akapiga honi. Akapiga tena. Jua linachoma, ndani kunachemka. Mbele na nyuma kuna magari ya foleni, mlango wa abiria umezibwa, wa dereva umekufa. Akateremsha kioo. Akatoa kichwa, akatoa mabega, akatoa mkono mmoja. Tumbo likakataa.

Watu walikuja mpaka kutoka barabara ya nyuma. Sijawahi kuona watu wanacheka vile. Mpiga rangi alikaa chini. Muuza petroli alishika pampu asianguke. “Abiria anashuka! Mpisheni abiria!” Suruali ikapasuka kwa ndani, tukaisikia. Shemeji amening'inia dirishani, uso umevimba kwa damu, jasho linadondoka kwenye lami.

Mke wangu akavuka. Watu wakampisha. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa kaka yake. Hakucheka. Alikuwa ameshika kitasa cha dereva.

“Kaka. Aliniulizia?”

Watu wakasogea. Kila mtu alitaka kusikia.

“Unataka kujua?” shemeji akasema. Sauti ilitoka kwa shida. “Haya nikwambie. Alimwita mama. Alimwita yule tajiri wake. Alimwita mbwa wake aliyekufa sisi tungali wadogo. Alimwita hata muuza maziwa, mtu wa kupita tu. Wewe, hakukutaja.”

“Hata mara moja?”

“Hata kwa bahati mbaya.”

Mke wangu akabaki amechuchumaa. Kisha akasimama, akapangusa sketi. “Ondoeni lori,” alisema.

Lori likaondolewa, shemeji akavutwa miguu kwa ndani mpaka akatoka upande wa abiria, amebana suruali kwa mkono. Mke wangu akaleta bisibisi zake na kopo la grisi. Akaingia kwa mlango wa abiria, akatambaa juu ya gia, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Tangu siku ile ya kamba hakuwa amelikalia gari lile. Akabandua ngozi ya mlango, akanyoosha fimbo zilizopindwa, akatia kibano kipya, akafunga kitasa, nati mbili. Akapaka grisi. Alifanya kazi ile kama anavyomfanyia mteja yeyote, hata vizuri zaidi. Hakuna aliyecheka tena. Wengine waliondoka, waliona aibu, sijui ya nani.

Akatoka, akaufunga mlango.

“Vuta.”

Shemeji akavuta. Mlango ukafunguka.

“Polepole,” mke wangu akasema. “Shingo yake ni laini.”

Kesho yake sanduku lote la vitasa vya Kupe aliliuza kwa mmimina sufuria, kwa kilo. Kigoda akakirudisha kilipokuwa.

Aliishi miaka mingine baada ya hapo, na mtu angemwona angesema ni yuleyule. Aliuza, alitukana, alicheka. Lakini mimi nilikuwa naishi naye. Tuko tunakula, anaacha tonge hewani. “Hata muuza maziwa,” anasema. Tunaanika nguo, kimya, mara: “Yule mbwa alikuwa ananing'ata mimi.” Mwanzoni nilimjibu. Nilimwambia mtu mgonjwa hajui anachosema. Akaniambia mtu mgonjwa ndiye anayejua. Nikaacha kujibu. Nikawa nashika kona yangu ya shuka, tunakunja.

Alipoumwa hakuumwa sana. Moyo ulikuwa mkubwa, walisema, na miguu ikajaa maji. Wodini alimchekesha muuguzi, akamuuliza kama mlango wa mochwari unafungukia ndani au nje. Siku moja mchana, namlisha chungwa, akasema, “Kaka akija, mwambie mimi sina neno naye. Yameisha.”

“Mwambie mwenyewe.”

“Mwambie wewe. Mimi nimechoka na yule mtu.”

Akafa kabla shemeji hajaja.

Tukazika. Watu walipokwisha kuondoka shemeji alibaki. Aliingia chumbani kwetu, akakaa kwenye kitanda kwa sababu kiti chetu kilikuwa nje. Alikuwa mzee sasa, amepungua, ngozi inaning'inia. Nikampa maji. Akashika kikombe, hakunywa.

“Shemeji,” alisema, “mzee alimwulizia.”

Nikamtazama.

“Kila siku. Kila asubuhi akiamka, yuko wapi binti yangu. Mke wangu alimwambia anakuja. Tukawa tunamwambia, anakuja, yuko njiani. Basi akataka avikwe shati. Kila asubuhi avikwe shati, aketishwe dirishani. Jioni tunamvua. Mara nyingine dada alikuwa kweli yuko pale getini, na mzee anamsikia sauti. Anasema, huyo. Tunamwambia hapana baba, ni wapita njia.”

Nilimuuliza kwa nini siku ile, pale kituoni, hakusema.

Alifikiri sana. Sidhani alikuwa ananificha. Alikuwa anatafuta kweli.

“Watu walikuwa wanacheka, shemeji.”

“Na baadaye? Miaka yote?”

“Baadaye ningeanzia wapi?”

Nje majirani walikuwa wanakusanya viti vya kuazima. Nilisikia vikigongana. Mke wangu alikuwa ameshafukiwa. Habari aliyoisubiri ilikuwa imefika kwangu mimi, nisiye na kazi nayo.

Shemeji akaweka kikombe chini. “Na yeye,” aliuliza, haniangalii, “mwisho wake huo. Alisema lolote juu yangu? Hata neno moja?”

“Hakukutaja,” nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayepimiwa kitu akaona kipimo ni sawa. Kisha akaondoka.

Bado yuko hai. Hunijia, siku soko lake likilala mapema. Anakaa kwenye kitanda, anaongea habari za bei za ng'ombe, halafu anazunguka, anazunguka, anafika palepale. “Labda ulisahau, shemeji. Uzee huu. Labda kuna siku alisema kitu, ukapitiwa.”

“Sijasahau.”

“Fikiri tu.”

“Nimefikiri.”

Haji mikono mitupu. Huniletea nyama, ananichagulia sehemu laini isiyo na mfupa kwa sababu ya meno yangu. Napokea. Naila.